Sura ya Saba: Makopo Mawili ya Namba Kumi na Tano

"Niliandika," alisema Bi Aune.

Ilikuwa mara ya tatu Mpelelezi Outi Kettula kulisikia neno hilo humu jikoni, na kila mara lilikuwa limepungua nguvu. Siku ya kwanza mama huyu alilisema akigonga meza. Siku ya pili alilisema ameinamisha kichwa. Leo, Jumatatu ya tarehe kumi na sita Juni, alilisema kama mtu anayeomba aambiwe kuwa ni kweli.

"Tuanze tena mwanzo," alisema Outi. "Usiruke kitu."

"Nimeshakueleza mara mbili, mwanangu."

"Ya tatu ndiyo watu hukumbuka walichoruka."

Bi Aune Sorvali alikuwa na miaka sabini na minne. Mwanawe wa pekee, Teemu, alikuwa mochwari akisubiri mazishi ya Jumamosi. Ijumaa ya tarehe thelathini Mei, Teemu alijipikia mchuzi wa uyoga wa sikio kwa siagi na krimu, akaula na viazi, sahani mbili. Alfajiri akaanza kutapika, akadhani tumbo limechafuka tu. Jumatano iliyofuata ini likagoma kabisa, akafa. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Uyoga wa sikio ni ule wa kahawia, uliojikunja-kunja, unaoota theluji ikishaondoka. Hakuna nyumba pale mjini Kajaani isiyojua masharti yake. Unachemshwa nje, maana hata mvuke wake si wa kuvuta. Maji yawe mengi. Unamwaga, unasuuza, unachemsha tena kwa maji mapya. Mtoto hapewi, mjamzito hapewi. Ukichemshwa mara mbili ni kitoweo cha kumtolea mgeni. Ukichemshwa mara moja ni sumu, na kwa macho huwezi kujua.

Na Bi Aune mwenyewe ndiye aliyesema, tangu siku ya kwanza, bila kubanwa na mtu, kuwa uyoga ule aliuchemsha mara moja tu.

"Tarehe kumi na saba nilikuwa kwenye nyumba yetu ya ziwani," alianza. "Nimechuma ndoo nzima. Nikachemsha nje, mchemsho wa kwanza, nikamwaga. Nikaweka maji mapya, gesi ikaisha. Mtungi mkavu. Nikasema basi, nitarudi nao huku mjini nikaugandishe, nikinunua mtungi nirudi ziwani nimalizie. Hapa ghorofani nitachemshia wapi, kwenye baraza? Nikasumbue majirani na mvuke? Nikatia kwenye makopo manne ya aiskrimu. Nikabandika namba. Nikaandika kwenye tableti."

"Kwa nini hukuandika kwenye makopo yenyewe?"

"Zamani nilikuwa naandika kwenye vifuniko. Teemu akanicheka. Akasema, mama, mwandiko wako ni kama kuku aliyefukuzwa kwenye theluji. Kwenye kopo weka namba tu, maelezo yakae kwenye orodha, tutayaona sote." Akageuza kikombe. "Orodha moja ya friza. Iko kwenye simu yake, simu ya mkewe Henna, tableti yangu na kompyuta yao. Ukiandika huku, inaonekana kule. Alikuwa mtu wa mpango, Teemu. Hata soksi zake zilikuwa na zamu."

Outi alifungua faili, akatoa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye orodha hiyo.

"Hapa kuna namba kumi na moja mpaka kumi na nne, uyoga wa sikio, umechemshwa mara mbili."

"Hayo ni ya mwaka jana. Hayo ni salama."

"Kumi na tano, samaki. Halafu basi. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane hazipo kabisa. Na alichokula Teemu ni kopo namba kumi na sita."

"Najua. Nimeitazama tableti mpaka macho yakauma. Haipo." Bi Aune alisugua kidole gumba juu ya meza kama anayefuta kitu. "Labda sikuandika. Msimu wa baridi niliacha sufuria kwenye jiko ikaungua. Henna alikuambia?"

"Aliniambia."

"Sawa. Ni kweli, lazima aseme. Mwendesha mashtaka anasemaje?"

"Anataka faili langu Ijumaa. Aliyeacha sumu kwenye friza ya watu bila alama atashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Ndivyo sheria ilivyo."

"Sheria ifanye kazi yake. Mimi namsikitikia Lumi. Wiki mbili sasa mjukuu wangu hajashuka kwangu, na wanaishi hapo juu yangu kabisa. Henna amemkataza. Namsikia akikimbia. Nasimama hapa na kijiko mkononi nikisikiliza anapopita."

Juu yao hakukuwa na mlio wowote wakati ule. Mtoto alikuwa shule ya awali.

Outi alikuwa ameshafunga faili, kisha akalifungua tena. Lilikuwa jambo dogo.

"Namba ya kwanza ya makopo yako ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kwa nini kumi na tano?"

"Kwa sababu ya mwisho ilikuwa kumi na nne."

"Na samaki?"

Bi Aune alimtazama.

"Samaki gani?"

*

Friza ya familia ilikuwa chini kabisa ya jengo, ndani ya handaki la kukimbilia wakati wa vita. Wakati wa amani mahandaki haya huwekwa vizimba vya stoo, na kila nyumba ina chake: baiskeli, matairi ya gari ya msimu wa baridi, masanduku, friza. Outi alisukuma mlango wa chuma wenye unene wa kiganja, akawasha taa, akapita katikati ya vizimba mpaka kile chenye jina la Sorvali.

Maabara walikuwa wameshachukua makopo yote ya uyoga wa mwaka huu. Picha zake zilikuwa kwenye faili: kumi na tano, kumi na saba, kumi na nane, na kumi na sita likiwa limebaki robo. Namba zote nne ziliandikwa kwa mkono mmoja wenye kutetemeka kidogo. Wiki zote mbili Outi alikuwa amejiambia kuwa samaki wale walishaliwa, na namba yao ikachukuliwa tena. Hakuwa amekwenda kuhakikisha. Alidhani tu, na kudhani ndiko kulikoiua familia hii.

Akainua mfuniko wa friza. Upande wa kulia, chini ya mfuko wa njegere, alikuta kopo la siagi. Lilikuwa na utepe wa karatasi, na namba kumi na tano kwa kalamu nene, mwandiko wa duara, ulionyooka. Ndani mlikuwa na samaki.

Makopo mawili, namba moja, mikono miwili.

Akatoa simu apige picha na kumtumia Jarkko wa kitengo cha simu na kompyuta. Picha haikuondoka. Akatazama juu ya kioo. Hakuna mtandao, hata chembe. Akaenda mpaka kwenye kona, akainua mkono, hakuna kitu. Zege la handaki lilijengwa kuzuia mabomu, sembuse simu.

Akatoka. Alipofika kwenye ngazi, karibu na lifti, simu ikatikisika mara tano mfululizo. Picha ikaondoka, jumbe zikaingia zote kwa pamoja.

Outi akasimama pale pale, mkono kwenye reli, akarudia kupanda na kushuka mara mbili zaidi. Kila akishuka, simu inanyamaza. Kila akipanda, inaamka. Jirani mmoja aliyeshuka na mfuko wa takataka akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Hapana," alisema Outi. "Nafikiri nimekipata."

*

"Mliniambia niangalie historia ya orodha," alisema Jarkko Pihlaja. "Nikaiangalia. Mstari wa yule mama haumo."

Jarkko alikuwa mtu wa maneno machache aliyekula mandazi ya iliki juu ya kibodi, na hakupenda kuambiwa amekosea.

"Sikulaumu," alisema Outi. "Nisikilize tu, halafu unibomoe. Aune alianza kumi na tano. Henna naye akaandika kumi na tano. Ukiwa na orodha mbele yako, utaandika namba ambayo mwenzako keshaichukua?"

"Kama naiona, siandiki."

"Basi hawakuonana. Aune alipobandika namba zake, samaki hawakuwepo kwenye orodha. Henna alipoweka samaki, uyoga haukuwepo. Kule ziwani mtandao ni mpaka upande juu ya mwamba. Na handaki nimelipima mwenyewe sasa hivi. Hakuna kitu."

Jarkko aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo wote wawili waliandika kwenye orodha ile ile, kila mtu akiwa gizani."

"Na Aune aliyajua yale makopo kumi na manne ya kwanza. Hawezi kuyajua kichwani, yeye mwenyewe anakiri kuwa anasahau. Maana yake orodha aliifungua kule kule ziwani. Mtu anafungua orodha, anatazama namba ya mwisho, anabandika namba nne, halafu anaifunga bila kuandika?"

"Inawezekana."

"Inawezekana. Ndiyo maana nimekuja kwako. Vifaa viwili vimeandika vitu tofauti kwenye orodha moja, kisha vyote vinarudi kwenye mtandao. Inakuwaje?"

"Programu inaona mambo mawili yanayogombana. Haiwezi kujua la kweli ni lipi, kwa hiyo inamuuliza mtu. Anayeulizwa ni yule wa mwisho kuingia kwenye mtandao. Kinatokea kidirisha: orodha hii imebadilishwa kwingine, ubakize ya kifaa hiki, au ile nyingine? Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna kubakiza zote mbili."

"Na mtu akibonyeza ya kifaa hiki?"

"Ile nyingine inaondolewa. Mpaka kwenye kifaa cha yule aliyeiandika. Kimya kimya, bila kumwambia."

Outi alikaa kwenye kona ya meza.

"Kwa hiyo mtu anaandika kwa mkono wake, kesho yake akifungua hapati alichoandika, na historia inasema hakuandika."

"Historia inaonyesha zilizobaki tu. Iliyoachwa inatupwa kwenye kapu lake, na kapu hilo kwenye simu huwezi kuliona. Linaonekana kwenye kompyuta." Jarkko alishafuta vidole kwenye suruali. "Kompyuta ya marehemu tunayo hapa. Niliifungua kutafuta barua pepe. Kapu hamkuniambia."

"Nakuambia sasa. Linakaa muda gani?"

"Siku thelathini."

Walitazamana. Kalenda ya ukutani ilikuwa karibu, lakini hakuna aliyehitaji kuitazama. Aune alirudi mjini tarehe kumi na nane Mei. Siku thelathini zilikuwa zinatimia kesho.

Jarkko alivaa glavu, akavunja lakiri ya mfuko wa ushahidi, akaandika saa kwenye fomu, Outi akatia sahihi. Kompyuta ilichukua muda kuamka. Kwenye kioo chake kulikuwa na picha ya Lumi akiwa na jino lililong'oka. Jarkko akafungua programu, akateremka mpaka chini, akabonyeza mahali ambapo mtu wa kawaida hana sababu ya kubonyeza. Kapu lilikuwa na kitu kimoja tu.

Juu yake iliandikwa: Nakala iliyoachwa. Imetoka kwenye Tableti ya Mama, tarehe kumi na saba Mei, saa mbili na robo usiku. Imeachwa kwa chaguo la Simu ya Henna, tarehe kumi na nane Mei, saa sita na dakika tano mchana.

Chini yake, baada ya namba kumi na nne:

*15, 16, 17, 18 uyoga wa sikio. MARA MOJA TU, gesi imeisha. MSILE. Nitachemsha tena nikipata mtungi. Teemu, hizi usiziguse, nakujua tumbo lako. Mama.*

Jarkko aliisoma mara mbili, akasogeza kiti nyuma.

"Nipige picha ya kioo?"

"Piga. Nakala tatu. Na uandike kwenye fomu kuwa tulikuwa wawili."

*

Henna Sorvali alifungua mlango akiwa ameshika kiuno. Mimba ilikuwa ya miezi sita. Ndiyo sababu ile Ijumaa yeye hakuonja ule mchuzi, na Lumi alipewa tambi kama kawaida ya mtoto. Sebuleni kulikuwa na masanduku ya maua ya rambirambi ambayo hayajafunguliwa.

"Umekuja kuniambia mtamshtaki," alisema.

"Nimekuja na maswali. Na kabla sijayauliza, lazima nikuambie kuwa hulazimiki kunijibu, na unaweza kutaka wakili awepo."

"Wakili wa nini? Aliyekufa ni mume wangu."

"Lazima niseme, Henna. Ni taratibu."

"Uliza."

"Ile Ijumaa ya mchuzi. Nieleze tena kwa mdomo wako."

Henna alikaa pole pole. "Teemu alipanda na kopo kutoka handakini. Akasema, kumi na sita, mbona kwenye orodha haipo? Nikatazama kwenye simu. Nikamwambia, mama yako amesahau kuandika tena. Akasema lakini umechemshwa? Nikamwambia angalia uyoga wote wa juu yake kwenye orodha, mara mbili, mara mbili, mara mbili, huyo mama hajawahi kukosea uyoga hata siku moja. Akapika." Alivuta pumzi. "Hajawahi kukosea, mpaka siku hiyo. Hilo ndilo nisiloweza kumvumilia. Si uyoga. Angalisema tu."

"Tarehe kumi na nane Mei, Jumapili, saa sita mchana. Ulikuwa wapi?"

"Sijui. Mwezi mzima umepita."

"Uliweka samaki kwenye friza. Kopo la siagi, namba kumi na tano."

"Ah. Samaki wa jirani. Ndiyo, nilishuka nao handakini. Nikaandika kwenye simu huko huko ili nisisahau. Halafu nikatafuta baiskeli ya Lumi, ilikuwa nyuma ya matairi, nimehangaika nayo karibu nusu saa. Lumi analia anataka kuendesha. Nikatoka na baiskeli begani na yeye mkononi." Alitabasamu bila kutaka. "Akaniambia mama unatembea kama bata."

"Ulipofika kwenye lifti, simu ilikuuliza kitu?"

"Simu inauliza kila siku. Kubali hiki, sasisha kile, umesoma masharti. Nilikuwa nataka kuzima ile kelele nibonyeze lifti."

"Ukabonyeza nini?"

"Sijui. Cha juu. Mimi huwa nabonyeza cha juu."

Ndivyo tunavyobonyeza wengi wetu, wenye watoto mkononi na mizigo begani, kwa kidole gumba, macho yakiwa kwa mtoto. Hatusomi. Kidirisha kinafungwa, tunaendelea na maisha, na mara nyingi hakuna kinachotokea.

Outi alitoa picha ya kioo, akaiweka mezani, akaigeuza imtazame Henna. Hakueleza kitu. Aliona macho ya mwanamke yule yakipita kwenye mstari wa juu, tarehe, saa, jina la simu. Kisha yakashuka mpaka kwenye herufi kubwa. Yakafika kwenye jina la Teemu na kusimama hapo.

Akaivuta karatasi karibu. 

"Aliandika," alisema Henna.

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyefuta."

"Programu ilikuuliza swali ambalo hukujua ni swali."

"Usinipambie." Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Nilifuta. Halafu alipouliza nikamwambia mama yako amesahau. Nilikuwa na simu mkononi. Nilikuwa na ile ile simu mkononi." Akaweka viganja viwili juu ya tumbo. "Watoto wangu nitawaambia nini?"

Fomu ya Outi haikuwa na nafasi ya swali hilo. Alimwuliza nani anaweza kuja kukaa naye. Dada yake alikuwa Oulu. Outi alimpigia mwenyewe. Dada akasema anatoka sasa hivi, ni mwendo wa saa mbili na nusu barabarani, na Lumi atampitia shuleni.

Mlangoni, Henna aliuliza: "Mtanishtaki?"

"Nitaandika nilichokiona. Aliyechemsha aliandika onyo. Onyo likapotea kati ya vifaa viwili. Ataamua mwendesha mashtaka. Mimi nitamwambia sioni wa kumfunga hapa."

"Afadhali ungemwona," alisema Henna, na kufunga mlango.

*

Bi Aune aliisoma karatasi akiwa amesimama dirishani, ameiinua kwenye mwanga, miwani juu ya paji la uso kwa sababu ya karibu aliyaona bila miwani.

"Ni mimi huyu," alisema. "Mtungi. Ndivyo ninavyosema, mtungi."

"Ni wewe."

"Nilikuwa nimeshaanza kukubali, unajua? Jana nilikaa nikajiona kabisa sijaandika. Nikaona mkono ukifunga tableti bila kuandika. Nilikiona kitu ambacho hakikutokea." Alikaa. Hakulia, wala hakuonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ilipoteaje?"

Outi alimweleza kwa maneno mepesi. Ziwani, handaki, tableti yake kuingia mtandaoni mjini Henna akiwa bado chini, lifti, kidirisha. Alipofika kwenye kidirisha alipunguza mwendo. Jina lilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mkononi mwa mama yule. Hakukuwa na namna ya kulificha.

Bi Aune alirudi kwenye mstari wa juu, akausoma kwa midomo.

"Anajua?"

"Nimetoka kwake sasa hivi."

"Yuko na nani?"

"Dada yake yuko njiani kutoka Oulu."

"Kwa hiyo yuko peke yake."

"Bi Aune, mpe muda. Hataki kuonana na mtu."

"Sikukuuliza anataka nini." Aliiweka karatasi mezani, akashika ukingo wa meza, akainuka. Alivua aproni. Alivaa viatu vya nje kupanda ngazi za ghorofa moja, akafunga kamba zote mbili, taratibu, na Outi akasubiri kwa sababu hakuona namna ya kumpita.

Walipanda pamoja. Mama alipumzika katikati ya ngazi. Juu, aligonga mara moja kwa kifundo cha kidole.

"Henna. Ni mimi."



"Ondoka, mama," ilisema sauti kutoka chini, karibu na sakafu. Henna alikuwa amekaa ameegemea mlango. "Kama umekuja kuniambia umenisamehe, ondoka. Sitaweza."

"Sikuja na hilo."

"Umekuja na nini?"

Bi Aune alifikiri. Outi, ngazi tatu chini, alijua angepaswa kuondoka, na hakuondoka.

"Nimekuja kuuliza," alisema Bi Aune. "Mpelelezi kaandika kila kitu, saa na dakika, lakini hili hakuliandika. Ulipomwambia Teemu nimesahau. Alikasirika?"

 Ndani kikasikika kitu kama kikohozi.

"Hapana," alisema Henna. "Alicheka. Akasema, ndiye mama yangu huyo. Akaenda kuosha viazi huku anacheka."

Bi Aune alisogea, akashika kishikio cha mlango ili asianguke, akajishusha polepole mpaka akakaa kwenye zulia la kufutia miguu, mgongo wake ukiegemea ubao ule ule aliouegemea mkwe wake kwa ndani.

"Nieleze," alisema. "Viazi alivimenya au alivipika na maganda?"

"Na maganda."

"Mvivu huyo," alisema Bi Aune.

Outi aliteremka ngazi akikanyaga kwa ncha za viatu.